Kipande Namba Arobaini na Moja

Kipande kile kilikuwa bapa upande mmoja. Hicho ndicho nilichokiona kwanza, kabla hata sijamtazama vizuri Eliya.

Ilikuwa mwezi wa sita, wiki yangu ya kwanza kwenye shimo la uchimbaji wa mambo ya kale nje ya Ntalikwa, mahali ambapo zamani wapagazi wa misafara walikuwa wakitua mizigo, wakipika na kulala. Kazi yangu ilikuwa pipa. Udongo wa majivu ukimwagwa ndani ya maji, mchanga unazama na mkaa unaelea, nami nauopoa kwa kitambaa chepesi kama chandarua. Nilikiopoa kile kipande, kidogo kuliko kidole gumba, cheusi tititi, mgongo wake wa mviringo na tumbo lake bapa. Nikakigeuza mara mbili.

"Umeona nini?" Eliya aliniuliza.

"Hakuna kitu," nilisema, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijibu watu.

Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, lakini mtoto wa Kitete, hapa hapa Tabora. Alichuchumaa kando ya pipa bila kujali matope, akakiweka kile kipande kwenye kiganja chake.

"Punje ya mtama hata ikiungua inabaki na sura yake," aliniambia. "Lakini kiazi au muhogo ukiungua unakuwa kidonge tu. Watu wanakitupa wakidhani ni mkaa wa kuni. Mimi nimekuja kutafuta hivyo vinavyotupwa."

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Mimi niliacha shule darasa la tano, mwaka ambao baba alifariki na tumbaku yetu ikabaki shambani bila mikono. Tangu hapo hakuna mtu mwenye kalamu mfukoni aliyewahi kuchuchumaa ili aongee na mimi.

Kile kipande akakipa namba arobaini na moja. Niliiandika namba hiyo mwenyewe kwenye mfuko.

Mwezi wa nane ulipoanza, Eliya alikuwa hajifichi tena. Akinipokea ndoo, mkono wake ulikawia kuuacha mshikio. Nikiinua macho kutoka kwenye pipa nilikuta ya kwake yamekwisha kufika. Siku moja, wenzetu walipokwenda kula, akasema, "Apolinaria, nikileta watu wa kukuposa kwa mama yako, utakubali?"

Niliyatazama maji. "Maji yamechafuka. Inabidi yabadilishwe."

Akacheka, akaenda kuchota mengine. Wiki iliyofuata akauliza tena, nikamwambia chandarua kimetoboka. Mara ya tatu hakucheka. Alisema polepole, "Sikulazimishi. Ila ipo siku nitaondoka, na nitaondoka bila kujua."

Siku hiyo ikafika. Dokta Shamila, msimamizi wake, alikuja kutoka Dar kukagua kazi na kufunga uchimbaji, na mchana ule ule waondoke pamoja. Mimi nilifika asubuhi na mapema nikiwa nimefunga vitu vitatu kwenye pindo la kitenge changu. Nilitaka nimwonyeshe Eliya peke yake, kabla watu hawajajaa.

Vitu hivyo vilianza Jumapili, baada ya misa. Mama yangu, Gaudensia, alikuwa akipika michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vibichi na kuanikwa, kwa karanga za kutwanga, na mchembe mmoja ukamponyoka, ukaangukia kwenye makaa.

"Mama, usiutoe," nilisema.

"Umechanganyikiwa? Chakula kinaungua!"

"Uache uungue."

"Huyo kijana wa mashimo amekuharibu kichwa," mama alisema, lakini akauacha.

Ulipopoa niliuvunja, nikautazama ndani. Eliya alikuwa na sanduku zima la mizizi aliyoichoma mwenyewe, ili ailinganishe na vipande vya zamani. Aliinunua sokoni ikiwa mibichi, akaichoma ndani ya mikebe iliyojaa mchanga. Yote ilitoka na matundu makubwa ndani, kama andazi lililoumuka, kwa sababu maji ya ndani yalichemka yakatafuta pa kutokea. Kipande namba arobaini na moja hakikuwa na tundu hata moja. Na mchembe wa mama, uliokaushwa kwenye jua la mwezi wa saba, nao haukuwa na tundu hata moja.

Sisi sote tumekula michembe tangu meno ya kwanza. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyeifikiria.

Nilichukua mkebe, nikajaza mchanga, nikachoma mingine taratibu jinsi nilivyomwona Eliya akifanya. Nikachoma na matobolwa, yaani viazi vitamu vinavyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Nikachoma na kiazi kibichi. Hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa kwenye pindo la kitenge.

Lakini nilipofika kwenye chumba walichopanga kwa ajili ya kazi, nilikuta wamekwisha kuanza. Dokta Shamila alikuwa mezani na miwani yake, ripoti mbele yake. Eliya amesimama. Na kwenye kiti cha mlangoni alikaa mama mmoja mwenye mkoba mweusi magotini, mgongo umenyooka.

"Shikamoo mama," nilisema. "Shikamoo Dokta."

"Marahaba," alijibu yule mama. Alinitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba. "Eliya, ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

Kumbe alikuwa Mwalimu Advera, mama yake. Alikuwa amemfuata mpaka Ntalikwa.

"Binti, umesoma wapi?"

"Shule ya msingi, mama."

"Hilo si jibu. Hata mimi nimesoma shule ya msingi. Ulimaliza lini?"

"Sikumaliza. Niliishia la tano."

"La tano." Alilirudia polepole kama mtu anayeonja chumvi. "Na kanisani?"

"Mkatoliki, mama."

"Sisi ni Wamoraviani tangu babu yake huyu." Akamgeukia mwanawe. "Baba, kuanzia Dar es Salaam mpaka hapa, mabasi yote hayo uliyopanda, hukuona mwingine?"

"Mama, tafadhali. Tuko kazini."

"Nyinyi mko kazini. Mimi nimestaafu, nina muda."

Dokta Shamila alikohoa kidogo, nikaona anaficha kicheko. Mimi nilisimama ukutani. Nilitamani ardhi ya pale chumbani iwe laini kama ya shimoni niingie. Eliya alinitazama, na macho yake yalikuwa yakiniomba msamaha mbele ya watu wote.

"Tuendelee," alisema Dokta. Akasoma. "Arobaini, mtama. Arobaini na moja, kuni. Una uhakika, Eliya?"

"Nimekilinganisha na kiazi kitamu, muhogo na kiazi kikuu. Hakifanani na hata kimoja. Kwa hiyo ni kuni."

"Sawa. Kama ni kuni, basi hatuna zao la mizizi hata moja katika kambi nzima. Inasikitisha, lakini ndiyo hivyo." Akachukua kalamu aweke sahihi.

Nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja. Nikinyamaza, Eliya ataondoka na kosa ndani ya begi lake, na mama yake ataondoka akijua kwamba mimi ni darasa la tano na basi. Nikisema, nitamwaibisha mwanamume ninaye... nitamwaibisha Eliya mbele ya mwalimu wake na mbele ya mama yake. Nililishika fundo la kitenge.

"Si kuni," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini kalamu ya Dokta ilisimama.

"Nani amesema?" Dokta aliinua uso.

"Binti," alisema Mwalimu Advera, "hapa wanazungumza waliosoma."

Nikamtazama Eliya. Niliogopa kuona uso umekunjamana. Uso wake ulikuwa wazi, kama wa mtu aliyesikia hatua alizokuwa akizisubiri. Alivuta kiti, akakiweka mezani karibu na Dokta.

"Apolinaria, kaa. Sema."

Nilikaa. Nilifungua pindo, nikaviweka vipande vyangu juu ya ripoti.

"Hiki nilichoma kikiwa kibichi. Kina matundu kama vya kwako. Hiki ni tobolwa. Ukilivunja ndani linang'aa kama chupa, kwa sababu lilichemshwa. Hiki cha tatu ni mchembe. Hauna matundu wala haung'ai. Umeshikamana wote." Nikagusa ile namba kwenye ripoti. "Kama arobaini na moja."

Dokta Shamila alivivuta vipande vyangu karibu yake. Alikivunja kile cha tatu, akakiweka chini ya hadubini. Akakitoa, akaweka cha zamani. Akarudisha cha tatu. Alifanya hivyo mara nne, na kila mara midomo yake ilizidi kukazana.

"Mistari hii myembamba iko kwenye vyote viwili," alisema hatimaye, bila kuinua jicho. "Eliya, njoo uone."

Eliya aliinama. Alikaa pale muda mrefu, mpaka mama yake akauliza, "Kuna nini humo?"

"Michembe, mama," alisema. Aliposimama macho yake yalikuwa na maji. "Mimi niliyekula michembe kila nikirudi kutoka shule, nimekwenda kununua viazi vibichi sokoni."

"Huo ubapa je?" Dokta aliniuliza. Sasa alikuwa akiniuliza mimi.

"Ni kile kipande cha ubavuni, Dokta. Ukikata kiazi, cha kwanza kinatoka na upande mmoja wa kisu na upande mmoja wa mviringo. Tena kimejikunja kidogo, kwa sababu ya jua. Kuni haijikunji namna hiyo." Nilikuwa nimeanza, sikuweza kuacha. "Na mpagazi hawezi kubeba viazi vibichi. Ni vizito, na vinaoza njiani. Michembe ni miepesi, inakaa miezi. Kuna mwanamke alimkatia, akamwanikia, akamfungia."

"Au alijikatia mwenyewe," Dokta alisema.

"Au alijikatia mwenyewe," nilikubali. "Lakini amekata vizuri."

Dokta akacheka kwa sauti. Mwalimu Advera hakucheka.

"Dokta, samahani," alisema. "Mimi nimesahihisha mitihani miaka thelathini na mmoja. Mtoto akipata swali moja, huwezi kujua kama anajua au amebahatisha. Huyu amepata moja."

"Mama!" Eliya alisema.

"Muache," Dokta alisema. "Mwalimu ana haki. Mimi mwenyewe ningependa kuona."

Basi wakanitungia mtihani. Nilitolewa nje, nikasimama uani. Kupitia mlangoni nilisikia mikebe ikifunguliwa, na Mwalimu Advera akisema, "Weka na hicho. Hapana, hicho ni rahisi mno." Eliya alitolewa naye, asije akanionyesha kwa macho. Tulisimama pamoja kando ya kamba ya nguo, kati yetu hatua mbili.

"Nimekuaibisha," nilisema.

"Umeniokoa. Ningekwenda kuandika uongo kwenye kitabu."

"Mama yako hanipendi."

"Mama yangu hatungi mtihani kwa mtu aliyemdharau," alisema. "Anaowadharau huwaambia karibu chai, basi." Akasogea hatua moja. "Apolinaria. Leo maji hayajachafuka. Hakuna hata pipa hapa."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nalo neno, Mungu ni shahidi, lilikuwa limefika mpaka kwenye meno.

"Binti, ingia!" aliita Mwalimu Advera.

Tuliingia wote wawili. Mezani palikuwa na vipande kumi na viwili juu ya karatasi, kila kimoja na namba. Mwalimu Advera alikuwa ametoa kwenye mkoba wake kalamu nyekundu. Nadhani hata kanisani huwa nayo.

"Moja," alisema.

Nilikishika, nikakipima uzito, nikachungulia pale kilipovunjika. "Kiazi kibichi."

"Mbili."

"Tobolwa."

"Tatu."

Hicho nilikigeuza sana. Kilikuwa kizito na hakikuwa na tundu, na nusura niseme mchembe. Kisha nikaona katikati pana alama ndogo ya uzi mgumu. "Si kiazi. Ni muhogo. Muhogo una uzi katikati. Na ulikaushwa kwanza, ni kopa."

"Hilo nililiweka mimi," alisema Mwalimu Advera, kalamu ikiwa hewani. "Nilitembea nalo kwenye mkoba kama zawadi, nikalichomea kwenye jiko la upande wa mbele mlipokuwa uani." Akaweka alama ya vema, polepole.

Nne, mti wa mninga. Tano, mchembe. Sita, kiazi kikuu. Sauti yangu ilikuwa ikikua yenyewe. Kufika cha tisa nilikuwa sisubiri kuulizwa, nakiokota na kusema. Eliya alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayetazama penalti.

Kumi, mchembe. Kumi na moja, tobolwa, lakini lililoungua likiwa bado bichibichi halijakauka.

"Ni kweli," alisema Dokta Shamila, akimtazama Mwalimu. "Ni kiazi cha kuchemsha nilichokuja nacho kutoka Dar, mkebe umeandikwa hivyo."

Cha kumi na mbili kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Nilikitazama kwa macho, nikakitazama kwa kioo cha kukuzia, nikaomba hadubini na Eliya akanirekebishia. Hakikuwa kiazi wala muhogo, hakikuwa mti ninaoujua. Chumba kizima kilinisubiri. Ningeweza kubahatisha.

"Sijui," nilisema.

"Haa!" Mwalimu Advera akaweka alama ya kosa, kubwa na nyekundu. "Kumi na moja juu ya kumi na mbili."

"Mwalimu," alisema Dokta Shamila kwa upole, "futa, umpe vema. Hicho kimetoka shimoni mwaka jana. Nimekionyesha kwa watu wa nchi tatu. Mimi sijui, wao hawajui. Mmoja tu kati yao alikuwa na ujasiri wa kusema hivyo."

Mwalimu Advera aliivuta tena ile karatasi. Kisha akaikata ile alama ya kosa, akaandika juu yake kumi na mbili, akaizungushia duara.

Eliya alipiga kelele moja mpaka majirani wakatoka kuchungulia. Dokta alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kipande kimoja hakitoshi kuitangazia dunia," alisema. "Nitakipeleka kwenye mashine kubwa, na tutachoma michembe mingine mingi. Msimu ujao nataka wewe ndiye ukae kwenye meza hii. Pipa atapewa mwingine."

Niliitikia kwa kichwa. Eliya alikuwa ameivuta ripoti. Alikata neno "kuni" kwa mstari mmoja, akaandika kwa mkono, herufi kubwa ili mama yake aweze kuzisoma kutoka alipokaa: Kiazi kitamu, kilikatwa na kukaushwa kabla ya kuungua. Kimetambuliwa na Apolinaria Lukumani, Ntalikwa.

Jina langu lilikuwa halijawahi kuandikwa na mtu mwingine isipokuwa kwenye daftari la mahudhurio na cheti cha kipaimara. Nikalia. Nililia wazi wazi, na sikujifunika uso.

Mwalimu Advera alingoja nimalize. Alirudisha kalamu mkobani, akaufunga, akasimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.

"Umefaulu," alisema. "Nisiposema hivyo nitakuwa mwalimu mbaya. La tano lako lina watu wa kulimalizia, nami nakaa Kitete, sina kazi mchana, nitakufundisha. Mambo ya kanisa wataongea wazee. Lakini ndoa si mtihani wa makaa." Akanikaribia. "Tangu nifike hapa anayesema ni mwanangu. Eliya anataka kukuposa, Eliya hali, Eliya halali. Wewe sijakusikia. Sitamtuma mtu kwa mama yako kwa ajili ya binti anayeona haya kukataa. Kwa hiyo nakuuliza mwenyewe, mbele yake. Unamtaka, au humtaki?"

Dokta Shamila aligeukia dirisha kwa adabu. Eliya aliinamisha kichwa na kutazama sakafu, mikono yake myeusi ya mkaa ikining'inia, na niliona jinsi alivyokuwa akiogopa. Yeye, mwenye vyeti vyote vile, alikuwa akiniogopa mimi.

Neno lile sikuwahi kulisema. Sikumwambia mama, sikumwambia padri, hata nikiwa peke yangu kisimani sikulitamka, nikihofia maji yasije yakalisikia. Nilinyoosha mgongo, nikamtazama Mwalimu Advera machoni.

"Namtaka, mama," nilisema, na sauti yangu ikajaa chumba kizima. "Namtaka Eliya. Namtaka tangu mwezi wa sita. Na asipokuja kuniposa mwaka huu, nitakuja Kitete kumposa mwenyewe."